Mamdogo, sikupona kwa sababu sikuwa naumwa

Mamdogo shikamoo.

Nakuandikia hapa kwa sababu tukikaa ana kwa ana utanikatiza, wajijua, na jina lako silitaji mtu asije akakujia mlangoni bure. Ile siku ya hina nimekaa mikono na miguu imepakwa siwezi hata kujikuna, ukaniinamia ukanambia polepole, "Alhamdulillahi mwanangu, umepona." Nikanyamaza. Miezi minane sasa na hilo neno halijanishuka kooni.

Sikupona, sikuwa naumwa. Hata WHO, hao wakubwa wa afya duniani, walilitoa hili la kupenda jinsia yako kwenye orodha ya magonjwa 17 Mei 1990, mimi hata sijazaliwa. Mimi ni baiseksho, yaani moyo wangu waweza kumpenda mwanamume na waweza kumpenda mwanamke, nimeolewa na bado ni mimi yule yule.

Najua utasema mshika mawili moja humponyoka, ushanambia hivyo tena mbele za watu. Lakini mamdogo mimi sijashika mawili! Nimeshika mmoja, kwa mikono yote. We ulipoolewa na bamdogo wanaume wengine wa Majengo hawakugeuka mawe machoni mwako, ila ulishachagua ukatulia. Basi ndio hivyo hivyo. Watu wanatuita ndumakuwili, eti leo huku kesho kule, eti hatutosheki, na hili ndilo linalonikera kuliko yote kwa sababu uaminifu ni tabia ya mtu na wasaliti tunawajua, wengi wao hawajawahi kupenda ila jinsia moja tu. Mume wangu nilimwambia kila kitu kabla barua ya posa haijaletwa, tuko kwenye feri ya Likoni, akanyamaza mpaka tukashuka ng'ambo halafu akaniuliza yeye nampenda? Nikamwambia ndio. Tukaenda kula viazi karai.

Na ile ya "hujajijua bado". Nina miaka 31 mamdogo. Kuna mtafiti wa Marekani, Alfred Kinsey, mwaka 1948 alitoa kipimo chake cha 0 mpaka 6, 0 ni wanaopenda jinsia tofauti peke yake, 6 ni jinsia yao peke yake, na hapo katikati akakuta watu kibao. Wanaishi hapo, si stendi kwamba wanangojea matatu. Wala si lazima iwe nusu kwa nusu kama mtu apimiwa mchele Marikiti.

Kinachokutisha zaidi ni sheria, na hapo sikulaumu. Kifungu cha 162 cha sheria ya jinai ya Kenya, kile cha kuharamisha ngono "kinyume na maumbile", bado kipo na miaka yake 14 ya jela, 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukiondoa. Lakini pia ni Mahakama ya Rufaa, hapa hapa Mombasa, Machi 2018, iliyosema kuwapima wanaume sehemu za nyuma kwa nguvu eti kutafuta ushahidi ni kinyume cha katiba. Hilo nataka ulijue pia, usisikie ya kutisha tu.

Sasa linaloniuma. Yule shoga yangu, yule msichana wa Tudor, ulikuwa kila Ramadhani ukimwekea mkate wake wa sinia kando watoto wasiumalize, ukimwita mwanangu. Ulipojua ukaacha hata kumtaja. Tulipendana miaka minne, haukuwa mchezo wala utoto, na tulipoachana ilikuwa kwa mambo yetu ya kawaida, kazi ilimpeleka mbali. Ukisema nimepona ni kama unanambia ile miaka minne ilikuwa homa, na yeye ndiye mbu.

Juzi kanitumia meseji ya kunipa hongera ya harusi. Mwisho akauliza, goti la mamdogo limepoa? Nikamwambia ngoja nikuulize.

Limepoa?