Barua ya malalamiko: mtikisiko wa injini ya mashua yangu baada ya matengenezo yenu

Kwa Meneja wa Huduma,

YAH: MAUNTINGI MPYA, MTIKISIKO ULEULE, NA RAFADHA MNAYOTAKA KUNIUZIA

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilileta mashua yangu ya tanga kwenye karakana yenu kwa shida moja tu: nikiingiza gia na kuongeza mafuta, chombo kizima kinatetemeka. Mafundi wenu walibadilisha mauntingi zote nne za injini, yaani vikalio vya mpira vinavyoibeba, nikalipa, mashua ikashuliwa. Nilipotoka gatini mtikisiko ulikuwa palepale, tena umezidi. Nilipopiga simu niliambiwa kwamba dizeli ndivyo zilivyo. Nilipopiga tena, nikaambiwa itakuwa rafadha, yale mapanga ya majini yanayosukuma chombo, ninunue mpya. Kisha nikaletewa makadirio ya bei ya nozo tatu, zile zinazopuliza dizeli kwenye silinda. Katika muda wote huo hakuna fundi wenu aliyekuja kuiwasha injini akaisikiliza.

Hilo la "ndivyo zilivyo" naomba tulimalize kwanza. Injini ndogo ya silinda tatu iliyokalia mipira hutikisika kweli ikiwa inanguruma chini chini, na ukiiongezea mafuta hutulia. Yangu inafanya kinyume. Gia ikiwa huru, naipandisha kutoka chini kabisa hadi mizunguko 2,800 kwa dakika na haina neno. Nikiingiza gia, mashua ikiwa imefungwa gatini kwa kamba imara, tetemeko linaanza kwenye mizunguko 1,500 hivi, na likifika 1,800 mbao za sakafu zinagongana. Fundi yeyote wa boti anajua maana yake: tafuta kuanzia giaboksi kwenda nyuma. Jaribio hilo halihitaji kifaa chochote, ni mkono mmoja kwenye gia na mwingine kwenye mafuta, na ndilo lililopaswa kutangulia kabla spana haijagusa nati.

Tena mtikisiko wenyewe ni wa polepole. Giaboksi yangu ina uwiano wa 2.6 kwa 1, hivyo injini ikiwa kwenye 1,800 shafti, mhimili unaozungusha rafadha, inazunguka kama mara 690 kwa dakika, yaani mara 11 au 12 kwa sekunde. Crankshafti, mhimili wa ndani ya injini, kwa kasi hiyohiyo inazunguka mara 30 kwa sekunde. Ninachokisikia miguuni ni cha shafti.

Nakubali kwamba silinda dhaifu huweza kujificha gia ikiwa huru na kujitokeza injini ikibeba mzigo. Kwa hiyo nozo hizo mlizotaka kuniuzia nilizipima kwa njia ya kale ambayo mafundi wenu wanaijua vizuri kuliko mimi: injini ikinguruma, unalegeza nati ya bomba la nozo moja, unasikiliza, unakaza, unahamia nyingine. Silinda isiyofanya kazi haibadilishi mlio ukiikatia mafuta. Zangu zote tatu, kila nilipolegeza, injini ilizama na kuanza kuchechemea. Nozo zinafanya kazi. Rafadha nayo ilikaguliwa na mpiga mbizi: hakuna kamba iliyojisokota, mapanga hayajapinda wala kumegeka, kome hawajashika, na zinki ya shafti, kipande kinachoikinga na kutu, imekaza.

Ikabaki kaplingi, yaani sahani mbili za chuma zinazounganisha giaboksi na shafti. Nilifungua bolti zake mashua ikiwa majini, shafti nikaiegemeza ikae katikati ya bomba lake isining'inie kwa uzito wake, kisha nikapitisha fila geji, vibamba vyembamba vya kupimia uwazi, kati ya sahani hizo mbili. Juu nilipata milimita 0.05. Chini, 0.45. Kaplingi hiyo ina kipenyo cha milimita 100, na kanuni inayofuatwa kwa kawaida ni kwamba tofauti isizidi kama milimita 0.1 kwa ukubwa huo. Nikazungusha sahani ya upande wa shafti robo kwa robo nikipima kila mara: uwazi ulibaki chini vilevile. Kama shafti ingekuwa imepinda, uwazi ungezunguka nayo. Hivyo shafti ni nzima. Injini ndiyo imelala nyuma.

Sababu yake inaonekana kwa macho. Mauntingi mbili za nyuma zimedidimia kuliko za mbele, na ile ya kulia nati yake ya juu ilikuwa imelegea kiasi kwamba niliizungusha kwa vidole. Chini yake, juu ya mbao inayobeba injini, kuna unga mweusi wa mpira, mwembamba kama masizi, na kwenye maungio ya kaplingi kuna vumbi jekundu la kutu, dalili ya vyuma vinavyosuguana. Hizi ni mauntingi mpya, mlizofunga nyinyi!

Mpira mpya hudidimia ukishabebeshwa uzito. Ndiyo maana huachwa ukae kwanza, halafu mstari wa injini na shafti ndipo upimwe na kukamilishwa, mashua ikiwa majini, mlingoti umesimama na waya zake zimekazwa, kwa sababu ganda la mashua halina umbo lilelile likiwa juu ya magogo na likiwa linaelea. Nyinyi mlifunga kila kitu nchi kavu, mlingoti ukiwa umelazwa, na hamkurudi kupima. Ankara yenu inasema "injini imekaguliwa, iko sawa". Vipimo vya kaplingi havipo humo, hata kimoja. Ningependa kujua kilichokaguliwa ni nini.

Na si suala la kero tu. Pakini ya shafti, inayozuia maji pale shafti inapopita kwenye ganda, iliyokuwa ikidondosha tone moja moja kama inavyotakiwa, sasa inachuruzika, na pampu ya ngama, ya kutoa maji yaliyoingia chomboni, inajiwasha hata usiku mashua ikiwa imetulia. Beringi ya mpira inayoshika shafti karibu na rafadha nayo imeanza kuwa na mchezo nikiitikisa shafti kwa mkono. Nikiendelea kutembea hivi, zitafuata sili ya giaboksi na beringi zake.

Ninachodai ni hiki. Mumtume fundi apime na kusahihisha mstari wa injini na shafti, mashua ikiwa majini na mimi nikiwapo, na vipimo vya juu, chini, kushoto na kulia viandikwe, kabla na baada. Pakini na beringi ya shafti zibadilishwe kwa gharama yenu, maana zimeliwa na kazi yenu. Mauntingi za nyuma zikionekana zimelika, ziwekwe nyingine. Makadirio ya rafadha na nozo myafute kwa maandishi. Vilevile naomba mauntingi zangu za zamani, ambazo sikurudishiwa wala kuonyeshwa. Nataka kuziona, kwa sababu nimeanza kushuku kwamba hata zile hazikuwa na tatizo.

Kaplingi nimeifunga tena, na nimepiga picha za fila geji ikiwa ndani ya uwazi, za unga wa mpira na za nati iliyolegea. Nakala ziko pamoja na barua hii. Injini sitaiendesha nikiwa kwenye gia mpaka mje, isipokuwa dharura.

Nasubiri jibu la maandishi lenye tarehe ya fundi kuja, ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, nitampa kazi fundi mwingine na ankara yake nitaileta kwenu, na lalamiko hili nitalipeleka kwenye mamlaka ya kulinda walaji.

Wenu,

Mmiliki wa mashua