Barua kwa Mhariri: B-52 si mkweche

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nijibu makala mliyoichapa hivi karibuni kuhusu mpango wa Marekani wa kuzifungia injini mpya ndege zake za mabomu aina ya B-52. Mwandishi wenu aliueleza mpango wenyewe vizuri, lakini alimalizia kwa kuifananisha ndege hiyo na basi bovu ambalo mwenyewe anakataa kuliuza, kisha akauliza kwa kejeli kwa nini Wamarekani wanang'ang'ania injini nane badala ya kufunga nne kubwa kama za ndege za abiria. Mimi ni fundi wa ndege mstaafu. Kazi niliianzia Nairobi na kuimalizia hapa Uingereza, na ingawa mikono yangu haikupata kugusa ndege ya jeshi, hii nimeifuatilia kwa mapenzi tangu ujana. Kejeli ile haikustahili, na swali lile lina jibu.

Tuanze na umri, kwa kuwa ndio uliomchekesha mwandishi. Mnamo Oktoba 1948 wahandisi wa Boeing walifika Dayton, Ohio, na mchoro wa ndege ya pangaboi, wakaambiwa na afisa wa Jeshi la Anga kwamba kinachotakiwa ni ndege ya jeti. Walijifungia katika chumba cha Hoteli ya Van Cleve, na juma lilipoanza walikuwa na ripoti ya kurasa 33 pamoja na kielelezo cha ndege kilichochongwa kwa mbao laini za balsa. Mabawa yaliyolazwa nyuma na injini nane zilizoning'inizwa mbili mbili, kama tunavyoyaona leo, yalitoka katika chumba kile. Ndege ya kwanza iliruka tarehe 15 Aprili 1952, jeshi likaanza kuzitumia mwaka 1955, na ya mwisho kati ya 744 ilikabidhiwa Oktoba 1962, wakati Tanganyika ilikuwa haijatimiza mwaka mmoja wa uhuru na Kenya ingali koloni. Zilizobaki kazini ni 76, zote za toleo la H, na kuna familia moja ya Kimarekani ambayo babu, baba na mjukuu wote wamehudumu ndani ya ndege hizi.

Lakini fundi haulizi ndege ina miaka mingapi. Huuliza imeruka saa ngapi, imebebeshwa mzigo gani, imepita katika hewa ya namna gani, na nani aliyekuwa akiikagua. B-52 ilibuniwa kuruka juu sana, ambako hewa ni tulivu. Makombora ya Kisovieti yalipoifanya anga hiyo kuwa ya hatari, ndege zilishushwa ziruke karibu na ardhi, ambako upepo huzitikisa bila huruma, na nyufa zikaanza kuonekana. Tarehe 10 Januari 1964 rubani wa majaribio wa Boeing, Chuck Fisher, alitumwa na ndege iliyofungwa vipimo kuchunguza mtikisiko huo. Juu ya milima ya Colorado mtikisiko mkali wa hewa uling'oa karibu pezi lote la wima la mkia. Fisher na wenzake waliendelea kuruka kwa takriban saa sita, wakishauriana kwa redio na wahandisi waliokuwa chini, mpaka wakatua salama Arkansas. Ipo picha ya ndege hiyo ikiwa angani na kisiki tu mahali pa pezi, na sijapata kuiangalia bila kutikisa kichwa. Kilichofuata, kwa maoni yangu, ni kikubwa kuliko tukio lenyewe: vipimo vya safari ile vilichambuliwa, mikia ikaimarishwa, na baadaye mabawa nayo yakafanyiwa matengenezo makubwa.

Makumbusho ya Duxford, karibu na Cambridge, yana B-52 ya toleo la D, tumbo limepakwa rangi nyeusi kama zilivyopakwa zile zilizopigana Vietnam. Jumba lake, lililofunguliwa mwaka 1997, upana wake ulipangwa kwa kufuata mabawa ya ndege hiyo. Ukisimama ubavuni utaona bati la bodi lina makunyanzi ya mshazari, na wageni wengi husema ni uchakavu. Sivyo. Bati ni jembamba, nalo hukunjamana chini ya uzito ndege ikiwa ardhini na kunyooka inapokuwa angani. Karibu na ncha ya kila bawa kuna gurudumu dogo ambalo hugusa ardhi matangi yakijaa, kwa sababu bawa lenyewe huinama kwa uzito wa mafuta. Mafuta yakipungua, gurudumu hubaki likielea hewani. Bawa linalokubali kupinda ndilo linalodumu, na waliolichora walilijua hilo bila kompyuta.

Heshima yangu kubwa, hata hivyo, ni kwa mafundi. Takriban kila baada ya miaka minne kila B-52 hupelekwa katika karakana za kituo cha Tinker, Oklahoma, ikafunguliwa, ikakaguliwa na kurekebishwa. Mwaka 2015 ndege moja, ambayo ilikuwa imelazwa tangu 2008 katika jangwa la Arizona zinakohifadhiwa ndege zilizostaafishwa, ilifufuliwa na kurudishwa jeshini. Mwaka 2019 ikafufuliwa nyingine. Mtu aliyewahi kuamsha injini iliyolala kwa miezi michache tu anaweza kukisia kazi ya kubadilisha mipira, nyaya na matangi ya ndege iliyokaa juani miaka yote hiyo.

Nisieleweke kwamba nasifia mabomu. Mwezi Machi 2003, B-52 zilipokuwa zikiondoka kituo cha Fairford, si mbali na ninapoishi, kwenda kuishambulia Iraq, nilikuwa miongoni mwa watu waliosimama nje ya uzio, wengine wakiwa na kamera na wengine wakiwa na mabango ya kupinga vita. Ndege hii hainyanyui pua kama nyingine. Huinuka mwili mzima ukiwa umelala, huku nyuma injini nane zikiacha moshi mweusi. Niliiangalia kwa furaha ya fundi, huku nikijua, kama alivyojua kila aliyekuwa pale, kwamba baada ya saa sita hivi ingekuwa juu ya Baghdad. Furaha hiyo sikuikana, wala sikuona sababu ya kuwakasirikia wenye mabango. Mtaa wa Kham Thien jijini Hanoi ulipigwa na ndege hizi usiku wa tarehe 26 Desemba 1972 na watu zaidi ya 200 wakafa. Katika mashambulizi ya mwezi huo, kwa hesabu ya Wamarekani wenyewe, B-52 zilizodunguliwa zilikuwa 15, na mabaki ya mojawapo bado yamo katika kidimbwi katikati ya makazi ya watu jijini humo. Na Diego Garcia, kisiwa cha Bahari yetu ya Hindi zilikotokea B-52 kuipiga Afghanistan mwaka 2001, kilikuwa makazi ya Wachagos walioondolewa na kupelekwa Mauritius na Shelisheli. Anayeipenda ndege hii aipende akiwa na habari hizi zote.

Sasa lile swali la injini. Pezi la mkia wa B-52 ni kubwa, lakini sehemu yake inayocheza, yaani usukani wenyewe, ni utepe mwembamba wa nyuma. Ndege ya injini nane ikipoteza moja hupoteza sehemu moja ya nane ya nguvu, na usukani huo unatosha kuizuia isivutwe upande. Ukifunga nne kubwa na ya nje ikazimika, robo ya nguvu imeondoka mbali kabisa na bodi, na usukani utashindwa. Itabidi mkia ubuniwe upya. Isitoshe, injini zenye mdomo mpana zingening'inia karibu mno na ardhi chini ya mabawa yanayoinama vile. Ndiyo maana Septemba 2021 ilichaguliwa injini ya Rolls-Royce F130, ya ukoo wa zile zinazofungwa katika ndege ndogo za wafanyabiashara wakubwa, nazo zinahitajika 608, nane kwa kila ndege. Zinazotumika sasa hazijatengenezwa tangu mwaka 1985, na fundi yeyote anajua maana ya kutafuta vipuri vya namna hiyo. Zikishafungwa, ndege itaitwa B-52J, na inatarajiwa kuruka hadi miaka ya 2050.

Kama mwandishi wenu alitaka pa kuchokonoa, angechokonoa gharama za mpango huu na kucheleweshwa kwake, mambo ambayo Wamarekani wenyewe wanayalalamikia. Hapo ningemuunga mkono.

Wako,
Fundi wa ndege mstaafu,
Swindon, Uingereza