Vijidudu vya chemchemi za moto vipimwe kabla ya kuchimba

Ndugu Mhariri,

Tangu watafiti walipotangaza kupatikana kwa gesi ya heliamu Rukwa mwaka 2016, macho yamegeukia pia chemchemi za moto za huku kwetu Kanda ya Kati: Hika, Gonga, Takwa, Mponde. Zinazungumzwa kwa ajili ya gesi na umeme wa jotoardhi. Naomba tuulize pia ni nini kinachoishi ndani ya maji yale.

Heliamu hiyo inatoka kwenye miamba ya kale sana, ambamo atomu za urani na thoriamu humeguka polepole zikitoa heliamu na mionzi. Mionzi hiyohiyo huyavunja maji yaliyomo kwenye nyufa za miamba na kuachia haidrojeni. Kwa baadhi ya bakteria, haidrojeni ni chakula. Katika mgodi wa dhahabu wa Mponeng, Afrika Kusini, kilomita 2.8 chini ya ardhi, bakteria aitwaye Desulforudis audaxviator anaishi karibu peke yake kwenye maji ya moto, pasipo jua wala oksijeni, akiitegemea haidrojeni ya namna hiyo. Sayari ya Mirihi nayo ina miamba ya kale yenye urani na thoriamu. Uso wake umekauka na unapigwa na mionzi, kwa hiyo kama kuna uhai, huenda umejificha chini. Ili kujua uhai wa namna hiyo unavyokuwa, hapa kwetu maji ya vilindini yanapanda yenyewe hadi juu!

Mwaka 2007 gari la NASA, shirika la anga za juu la Marekani, liitwalo Spirit lilikuwa likiburuza gurudumu bovu huko Mirihi, likafukua udongo mweupe wenye silika (madini ya namna ya mchanga na kioo) nyingi. Baadaye wanasayansi waliufananisha na masalia ya chemchemi za El Tatio, Chile, ambako vijidudu hushiriki kuijenga silika. Bila kuzijua chemchemi za duniani, udongo ule usingetuambia mengi.

Hofu yangu ni mitambo. Tope la kuchorongea huingiza vijidudu vya kigeni, na vya asili havitatambulika tena kwa uhakika. Chuo Kikuu cha Dodoma na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini ziko mji mmoja. Zikachukue sampuli sasa, zipime joto, gesi na vinasaba, na sampuli zihifadhiwe nchini. Bakteria aliyepatikana Yellowstone, Marekani, katika miaka ya 1960 ndiye aliyetoa kimeng'enya kilichowezesha vipimo vya vinasaba vinavyotumika hospitalini leo. Wanafunzi wetu wa sayansi wanastahili kuwa wa kwanza kuvichunguza vijidudu vya kwetu.

Mwalimu wa Biolojia,
Dodoma