Nilimwaga chakula alichopika mama mkwe, sasa nyumba yetu ina vyungu viwili

Shangazi, shikamoo. Wasomaji wenzangu, nawasalimu wote.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 38, naishi Mbagala, Dar es Salaam. Kwetu ni Pangani. Mume wangu ni Mhaya wa Muleba. Huu ni mwaka wa 16 tangu tuoane na sijawahi kupeleka habari za nyumba yangu nje. Leo nimeshindwa kunyamaza, kwa sababu wiki ya tatu sasa jikoni kwangu vinapikwa vyakula viwili kila jioni, mama mkwe anakula peke yake chumbani, na aliyesababisha ni mimi.

Yote yalianza mwezi wa tatu. Mume wangu, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa anaamka usiku mara nne, mara tano kwenda haja ndogo, anakunywa maji kama mtu aliyetoka kufunga, na miguu inamfa ganzi. Tulikwenda kupima asubuhi kabla hajatia kitu mdomoni, mashine ikasoma 12.6. Wakarudia siku nyingine, ikasoma 11.9. Muuguzi akatueleza kwamba kwa mtu ambaye hajala, kuanzia 7 kwenda juu tayari ni kisukari. Akaandikiwa vidonge vya kumeza pamoja na chakula, kisha tukakalishwa tufundishwe kula. Muuguzi alichora duara kwenye karatasi, akaligawa: nusu mboga za majani, robo maharage au samaki au nyama, robo iliyobaki ndiyo ugali, wali au ndizi. Akamwambia mume wangu akunje ngumi aitazame. Ugali usizidi hapo. Mume wangu aliitazama ile ngumi kwa muda mrefu, hakusema neno.

Kabla ya hapo chakula cha jioni tulikula kwenye sinia moja. Ndivyo nilivyolelewa Pangani: mkeka unatandikwa, sinia linawekwa katikati, mchuzi kwenye bakuli, kila mtu anakula mbele yake, na mkubwa anawasogezea wadogo kipande cha samaki. Mume wangu aliikuta desturi hiyo kwangu akaipenda. Mtoto wetu wa mwisho alijifunzia kumega tonge kwenye sinia lile. Lakini kwenye sinia hujui nani amekula kiasi gani, na muuguzi alisema wazi kuwa mgonjwa awe na sahani yake. Nikampakulia kwenye sahani. Akaona vibaya kutengwa huku wenzake wanakula pamoja, ikabidi wote tuhamie kwenye sahani. Nikaliosha sinia nikalitundika kwenye msumari, na hadi leo liko pale. Siku ya tatu watoto wakaanza kubeba sahani zao kwenda kukaa mbele ya televisheni. Hilo peke yake liliniuma sana, Shangazi, hata kabla ya hayo mengine.

Kupika kwenyewe nilijipanga. Nafanya kazi kwenye duka la vitenge Kariakoo, natoka saa kumi na mbili jioni, na kwa foleni ya barabara ya Kilwa nikifika nyumbani saa mbili nimewahi. Maharage nayaloweka asubuhi kabla sijatoka, binti yetu wa kidato cha pili anamwaga yale maji na kuyaweka kwenye sufuria ya presha saa kumi na mbili. Nikifika nayaunga tu kwa nyanya na kitunguu. Sembe nimeacha, nasonga dona. Matembele, mchicha na kisamvu vinapokezana. Nazi nimepunguza mno, maana muuguzi alisema tui zito si zuri kwake, na mtu wa Pangani anayepika kisamvu bila nazi anajua amejinyima nini. Sikulalamika. Baada ya miezi miwili mashine ilikuwa inasoma 8 na kidogo asubuhi, na mume wangu alianza kulala usiku mzima.

Ndipo Mama akaja.

Alikuja kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Nampenda mama mkwe wangu, na sisemi hivyo kwa kutafuta huruma. Nilipojifungua mtoto wa kwanza nilikuwa kwake Muleba, na siku zote arobaini alinipikia kwa mikono yake. Alikuwa ananimenyea ndizi akiwa amekaa kwenye majani chini, amejipaka mafuta viganjani ili utomvu usigande, kisu kinapita mara tatu tu na ganda limekwisha. Anazipanga kwenye chungu, anafunika kwa majani ya mgomba yaliyobabuliwa motoni, anaziacha ziive kwa mvuke taratibu. Mimi mtoto wa pwani, niliyezoea kula ndizi za nazi, nilijua ebitoke, ndizi za kupika za Kihaya, ni chakula siku ile alipofunua yale majani.

Kuna jambo aliwahi kunisimulia ambalo nalifikiria sana siku hizi. Ugonjwa wa mnyauko ulipoingia Kagera mwaka 2006, kibanja chake, yaani shamba lake la migomba, kiliathirika vibaya. Majani yanageuka njano na kulegea mgomba ukiwa umesimama, ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukizikata ndani zimeoza. Maofisa kilimo wakawaambia wang'oe migomba yote iliyougua, wakate ua la mwisho la mkungu kwa mti wenye panda badala ya kisu, na kisu kikitumika kipitishwe kwenye moto kabla hakijagusa mgomba mwingine. Aling'oa migomba aliyoachiwa na mama mkwe wake yeye. Miaka miwili wakawa wanakula ugali wa kununua. Aliniambia, “Mwanangu, nyumba ya Mhaya isiyo na ndizi jioni, watu wanakula lakini hawajashiba.” Kwa hiyo Mama akiona ndizi tatu kwenye sahani ya mwanawe, simshangai akiona njaa imerudi.

Alipofika tu akauliza kwa nini mwanawe amekonda. Tulimweleza ugonjwa. Akasikiliza, akasema Mungu atasaidia. Lakini kila jioni nikipakua alikuwa anaiangalia ile sahani, halafu ananiangalia mimi. Mara ya kwanza akasema, “Hiyo ya mtoto?” Mara ya pili akachukua ndizi kwenye sahani yake akamwekea mwanawe, nami nikanyamaza kwa heshima. Mume wangu akala zile ndizi. Nilimwomba baadaye chumbani amweleze mama yake kwa Kihaya, kwa utaratibu, pengine kwa lugha yake ataelewa zaidi. Akasema atamwambia. Hakumwambia.

Mashine ikaanza kupanda. 9, 10, 11. Sikuelewa, kwa sababu chakula nilikuwa napakua mimi mwenyewe.

Usiku mmoja wa Jumanne, saa nne na nusu hivi, nilikuwa nimelala, nikasikia mfuniko unagonga sufuria uani. Nikatoka. Taa ya nje ilikuwa inawaka. Mama ameketi kwenye kigoda pembeni ya jiko la mkaa, kitambaa bado kwenye jicho moja, na mume wangu yuko kwenye ndoo iliyogeuzwa, sahani ya bati mapajani. Katogo la utumbo, yaani ndizi zilizopikwa pamoja na utumbo. Ndizi zimejaa hadi ukingoni, mchuzi unang'aa kwa samli. Alikuwa anakula haraka kama mtoto wa shule aliyechelewa. Mama alikuwa amemwekea kiganja mgongoni. Jioni ile ile mume wangu alikwishakula kwangu, tena mbele yangu.

Shangazi, baba yangu mzazi alikatwa mguu kwa kisukari mwaka 2014, na mwaka uliofuata tukamzika. Kidonda kilianza kama lengelenge la kiatu. Mimi ndiye niliyekuwa nakisafisha. Nilipoiona ile sahani, niliona kile kidonda. Nikaichukua mikononi mwa mume wangu nikaimwaga yote kwenye ndoo ya taka, mbele ya Mama, na nikasema, “Mnataka kumuua.”

Hakuna aliyenijibu. Mama aliinuka taratibu akishika ukuta, maana haoni vizuri usiku, akaingia ndani. Mume wangu alibaki amekaa, mikono wazi kama bado ameshika sahani. Asubuhi mashine ilisoma 14.2, na sikujisikia kuwa nimeshinda chochote.

Tangu siku hiyo Mama hali chakula ninachopika. Hakasiriki, hanitukani, salamu yangu anaitikia. Saa kumi na moja jioni, kabla sijarudi, anajipikia ndizi zake kwenye sufuria ndogo, anakula chumbani, anaosha, anafunika. Binti yangu ananiambia anazimenya kwa kupapasa. Nikifika namkuta amekwisha kula. Nikimkaribisha anasema, “Nimeshiba, mwanangu, kuleni.” Mume wangu anakula ninachompa bila neno, kisha anatoka nje kukaa. Siku hizi hata sijui kama akiwa kazini anakula kwa kipimo.

Nimeshakwenda kumwomba radhi mara moja. Nilipiga magoti kama wanavyosalimu wanawake wa kwao, nikasema, “Mama, nisamehe.” Akasema yamekwisha. Lakini jioni yake sufuria ndogo ilikuwa motoni tena, nikajua hayajaisha. Nahisi niliomba radhi ya ukali, sikuomba radhi ya chakula. Wifi yangu mkubwa yuko Bukoba na tunaelewana. Nafikiria nimpigie aongee na mama yake kwanza. Nasita, kwa sababu Mama anaweza kuona nimemtangaza kwa watoto wake. Upande wa pili, mume wangu ndiye anayepaswa kusema, “Mama, ni mimi niliyekula, mke wangu hana kosa la kunitakia uzima,” na hilo nimemwambia. Anasema hawezi kumwambia mama yake kwamba chakula chake kinamdhuru. Machozi yalimtoka aliposema hivyo, na sikuwa na moyo wa kumsukuma zaidi.

Nakuomba, Shangazi, na nyinyi wasomaji, hasa mlioolewa ukweni kwa Wahaya, Wachaga, Wanyakyusa au popote ndizi zilipo chakula kikuu: niombeje radhi ya chakula kilichomwagwa? Kwenu kuna namna yake? Kwetu pwani ningepika, nikambebea kwa mkono wangu, lakini chakula changu ndicho anachokikwepa.

Na la pili ni la jikoni kabisa. Nataka kuvunja hivi vyungu viwili. Muuguzi hakukataza ndizi mbichi, alisema kiasi tu. Nimewaza katogo la maharage badala ya utumbo: maharage mengi, ndizi chache, bila samli, na bakuli kubwa la mboga pembeni, chakula ambacho Mama mwenyewe atakitambua kuwa ni cha kwake. Nimewaza pia nimwombe yeye ndiye apike, mimi nikate mboga, na yeye ndiye ampakulie mwanawe kwa ngumi ile. Labda akipakua yeye haitaonekana kuwa anafanyiwa ubahili. Lakini naogopa: je, nikimkabidhi kijiko, atapunguza kweli? Mwenye mgonjwa wa sukari nyumbani na mzazi mkubwa anayependa kulisha, ulifanyaje? Je, kuna aliyefaulu kurudisha sinia moja, pengine kwa kumpakulia mgonjwa kando lakini wote mkeka mmoja? Niambieni mlivyofanya hasa, mlianza na neno gani.

Jumamosi nilipitia Mabibo, pale Mahakama ya Ndizi, nikanunua mkungu wa ndizi Bukoba na majani ya mgomba ya kufunikia. Nimeuegemeza ukutani nje ya chumba cha Mama. Nilipotoka kazini jana binti yangu aliniambia bibi aliupapasa wote, akauliza nani kaleta. Akamwambia ni mama. Hakusema kitu, lakini sufuria ndogo haikumenyewa ndizi za mkungu ule, alitumia zake za zamani.

Kliniki ya mwisho ya jicho ni tarehe 26, na tarehe 28 alfajiri anapanda basi kurudi Muleba. Naomba mnijibu kabla ya hapo.

Wenu,
Mkamwana, Mbagala