Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, wakutubi wenzangu wa Mombasa, Kwale na Kilifi, na wazee wetu mliostaafu mkaitikia wito: karibuni.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Kwa ufupi, hatuna deni. Mafunzo ya kompyuta yalifanyika kama tulivyopanga. Sehemu kubwa ya taarifa hii nimeitenga kwa jambo moja. Mwaka huu amestaafu mkutubi aliyezianzisha ziara zetu za maktaba ndogo za vijijini, na leo tuna wajibu wa kuamua nani ataziendeleza. Mwenyewe hakutaka jina lake liandikwe, nami nimemheshimu. Nitamwita Mama, kama tumwitavyo sote.

Mama aliingia Huduma ya Maktaba za Taifa, ile iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1965, akiwa msaidizi wa kupiga mihuri na kurudisha vitabu rafuni. Akasoma huku anafanya kazi, hata akakabidhiwa sehemu ya watoto. Angeweza kutulia hapa kisiwani Mombasa, mji ambao umekuwa na maktaba ya umma tangu ile ya Seif bin Salim ilipoanzishwa mwaka 1903. Lakini ukivuka feri ya Likoni ukaingia ndani Kwale, au ukaipita Mariakani ukakata kwenda Kaloleni, mtoto akishamaliza kitabu cha darasani mara nyingi hana kingine. Hilo lilimkera, na siku zake za mapumziko zikaishia huko.

Mnazijua maktaba hizo: chumba kimoja cha shule au ukumbi wa kijiji, na kijana wa kujitolea ndiye mtunzaji. Mama akifika, baada ya salamu huenda moja kwa moja kwenye kitabu kilicho karibu zaidi na ukuta. Hukivuta, hukifungua katikati, hunusa, kisha hupitisha kidole mshononi. Kwetu pwani ukungu huanzia hapo, hasa baada ya masika. Akiuona, rafu husogezwa kutoka ukutani hewa ipite, na miguu yake huinuliwa juu ya matofali ili mchwa aonekane mapema.

Kisha hutazama karatasi ya tarehe, ile inayopigwa muhuri kila kitabu kinapoazimwa. "Mwanangu, hiki nani kakiazima?" alimwuliza kijana mmoja kule Kinango, mkononi ameshika buku nene la sheria za kodi za nchi ya mbali. Halikuwa na muhuri hata mmoja. Pembeni yake palikuwa na hadithi ya watoto ya Kiswahili, jalada limeshonwa kwa uzi, karatasi ya tarehe imejaa ikabandikwa ya pili. Mama akaliondoa buku rafuni papo hapo, akaandika kwenye daftari: hadithi za Kiswahili, zaidi. Tangu siku ile nami siyaoni maboksi ya vitabu vya msaada kuwa ni heri yote. Rafu iliyojaa visivyosomeka humfukuza msomaji.

Aliwarahisishia watunzaji kazi pia. Tarakimu tatu tu za Dewey, ule mfumo wa kupanga vitabu kwa namba za mada: 297 Uislamu, 610 tiba, 630 kilimo, na utepe wa rangi mgongoni mwa kitabu, ili hata mtoto aweze kukirudisha mahali pake.

Wengi tunaisifu maktaba ya ngamia, ya kuwapelekea wafugaji vitabu mgongoni mwa ngamia, iliyoanzia Garissa mwaka 1996. Mama alikuwa akitukumbusha kwamba ngamia haendi peke yake, huandamana na mkutubi. Naamini hapo ndipo penye uzito wote. Vituo vilivyofungwa katika eneo letu havikuishiwa vitabu; mtunzaji alipata kibarua mjini, ufunguo ukabaki kwa jirani. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti jukumu la maktaba. Basi twende kwenye vikao vya maoni ya bajeti, Kwale na Kilifi, tukaombe posho ya mtunzaji kabla ya kuomba kitu kingine chochote.

Kuna kamati za vijiji zinazotaka kuwatoza watoto kidogo ili kulipia posho hiyo. Nawaelewa, lakini siungi mkono. Ilani ya maktaba za umma ya UNESCO na IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, ya 1994 na ya 2022, inasema kimsingi huduma iwe bure, na mtoto asiye na shilingi ndiye hasa tuliyemwendea.

Kamati inapendekeza kila kituo kipewe mkutubi wake kutoka miongoni mwetu, wa kukitembelea kila muhula, na nauli ilipwe na chama. Mama amekubali kuandamana na kila mmoja katika ziara yake ya kwanza. Orodha ya vituo iko kwa katibu. Tafadhali andika jina lako mbele ya kituo utakachokichukua kabla hujaondoka leo, ili ziara zianze kabla ya masika.