Japani klabu inauza dakika, si bia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini mwako. Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Japani kununua magari, pamoja na wanafunzi walioko huko, hukaribishwa klabu za usiku ambamo wasichana hukaa mezani na wageni, zile ziitwazo kyabakura. Huku nyumbani husimuliwa ama kama disko ama kama danguro. Hazifanani na kimojawapo, na anayeingia na hesabu za baa zetu kichwani hutoka analalamika.

Kwetu bili huhesabiwa kwa chupa. Unaweza kuibembeleza bia moja tangu saa mbili hadi saa tano na baamedi asikuulize kitu, maana ulichonunua ni ile bia. Japani unanunua muda. Ukishaketi tu, saa imeanza kuhesabu. Seti moja ni dakika 50 au 60, na ndani yake wiski ya kawaida, barafu na maji unakunywa utakavyo bila nyongeza. Kinachokumaliza ni vile vinavyoizunguka seti.

Tuchukue mfano wa klabu ya bei ya kati. Seti ni yen 6,000. Ukimpenda msichana fulani na kutaka abaki nawe, kuna ada ya kumchagua, tuseme 2,000. Usipomchagua atabadilishwa baada ya dakika 15 au 20, na hiyo haina maana kwamba umemchosha; ndiyo utaratibu. Akiomba kinywaji chake unakilipia wewe: viwili vya 1,500 ni 3,000. Muda ukikaribia kwisha, kijana wa kiume atapiga goti kando ya meza kuuliza kama unaongeza. Nusu saa, 3,500. Hapo ni 14,500. Weka asilimia 20 ya huduma, inafika 17,400. Juu yake kodi ya asilimia 10, unalipa 19,140. Aliyeshika ile 6,000 ya mlangoni atasema ameibiwa, kumbe yote yalikuwa kwenye orodha ya bei. Kabla ya kuketi uliza mambo mawili: huduma na kodi ni asilimia ngapi, na seti ikiisha, muda unajiongeza wenyewe au wanakuuliza kwanza. Zipo klabu ambazo muda hujiongeza. Bakshishi usihangaike nayo, haitolewi.

Wizi wa kweli nao upo. Mpiga debe anayekufuata Kabukicho au Roppongi, mitaa ya starehe ya Tokyo, akikuahidi kunywa mpaka uchoke kwa yen 3,000, mwache apite hata akikuita kaka. Kuvuta wateja barabarani kwa namna hiyo ni kosa, na Kabukicho kuna vipaza sauti vinavyowaonya wapita njia. Bili ya mahali alikokupeleka inaweza kuwa mara kumi ya alichokutajia.

Sasa, hizo dakika zinanunua nini? Tazama glasi. Msichana anaijaza barafu, anamimina wiski kama kidole kimoja, anakoroga ipoe, ndipo anaongeza maji na kukoroga tena. Anafuta unyevu nje ya glasi kwa kitambaa na kuiweka mbele yako. Mkigonganisha, glasi yake hukaa chini kidogo kuliko yako. Akiitwa meza nyingine kwa muda, anafunika glasi yake kwa kadi yake ya jina, ishara kwamba atarudi. Ukitoka msalani utamkuta anakungoja na taulo ndogo ya moto. Haya yote, pamoja na kukumbuka wiki iliyopita ulizungumzia nini, ni kazi inayofundishwa, na ndiyo bidhaa yenyewe.

Hapo ndipo Japani inapoachana na wengine. Thailand, kwenye baa za watalii, mteja anaweza kuilipa baa ili mhudumu aondoke naye zamu haijaisha. Korea Kusini kuna klabu ambazo kundi hujifungia chumbani. Kyabakura ni ukumbi wazi: sheria inakataza vizuizi vinavyoziba macho, mwanga usipungue luksi 5 (luksi ni kipimo cha mwanga), na leseni hutolewa na kamisheni ya usalama wa umma ya mkoa kupitia polisi. Mwisho wa biashara ni saa sita usiku, au saa saba katika maeneo yaliyotengwa. Kukutana nje kupo, lakini mara nyingi ni kabla: mteja anamlipia chakula cha jioni, kisha wanaingia klabu pamoja, na hilo nalo lina ada yake. Klabu nyingi humwekea msichana idadi ya kutimiza kila mwezi, kwa hiyo mwaliko wake mtamu wa chakula cha jioni upokee ukilijua hilo.

Ginza, mtaa wa kifahari wa Tokyo, ni habari nyingine kabisa. Klabu zake za zamani hazimpokei mgeni asiyeletwa na mteja anayejulikana. Anayeongoza huitwa mama, neno ambalo kwetu halihitaji tafsiri. Ukishakabidhiwa msichana mmoja, ni wako siku zote katika klabu hiyo, huwezi kumbadilisha. Bili inaweza kupelekwa ofisini kwako baadaye, na usipolipa, kwa desturi deni linamwangukia msichana huyo. Kampuni hukaribisha wateja huko kwa fungu la takrima, ndiyo maana mgeni mwalikwa hasogezewi bili.

Deni la namna hiyo limeleta balaa kubwa upande wa pili, kwenye klabu ambako wanaume ndio wanaokaa na wateja wanawake. Wengine walikopeshwa mpaka wakasukumwa kwenye ukahaba ili walipe. Marekebisho ya sheria yaliyoanza tarehe 28 Juni 2025 yanakataza kutumia hisia za mapenzi kumkamua mteja, na kampuni inayoendesha klabu bila leseni sasa inaweza kutozwa faini hadi yen milioni 300.

La mwisho ni kwa wazazi wenye watoto wanaosoma huko. Kibali cha mwanafunzi wa kigeni kufanya kibarua, saa 28 kwa wiki, hakihusu klabu hizi hata kidogo. Hakijali kama anakaa na wateja au yuko jikoni anaosha glasi. Akikamatwa, anaweza kupoteza viza na kurudishwa nyumbani.

Msomaji wako,
Nagoya, Japani