Risala ya wanakikundi wa shamba la mboga la jamii kwa mgeni wa heshima, Malindi

Mgeni wetu wa heshima, bwana chifu na wazee wa mtaa, walimu, kina mama wa sokoni, vijana wenzangu, Assalamu alaikum, Bwana asifiwe, na hamjamboni nyote. Nimeambiwa risala isiwe ndefu manake jua la Malindi halina mgeni. Nitajaribu ila siahidi, mambo ni mengi na kipaza sauti nimeshakishika.

Mgeni wetu, hapa ulipokaa palikuwa jaa. Makumbi, makuti yaliyooza, chupa za plastiki, na mbuzi wa mtaa mzima wakishinda hapa. Leo ni nusu ekari ya mboga, na kile kibanda cha makuti unachokiona pale ndo kitalu chetu, hapo ndipo kila kitu huanzia.

Kisa cha kuanza ni sokoni. Ukienda soko letu alfajiri utakuta kabeji, karoti, vitunguu na sukuma nyingi zimetoka bara, zimelala njiani, zimepita soko kubwa la Kongowea kule Mombasa, ndo zifike kwetu majani yashalegea na bei ishapanda, na sisi tuko hapa jirani na mto Sabaki, masika twaipata, vuli twaipata. Na wala si kwamba mpwani hajui mboga, bibi zetu wajua mboga za kienyeji, mnavu na mtsunga na majani ya kunde, tangu hio sukuma wiki haijulikani huku. Ni kwamba vijana hatukufundishwa, na aliyefundishwa hana pa kushika jembe.

Sasa nije kwa lililotukutanisha leo, nafasi za mafunzo na za kujitolea.

Mafunzo yetu yafuata mboga, hayafuati kalenda. Mwanafunzi aingia siku tunayosia mbegu na atoka siku tunayochuma. Kwa sukuma hapo ni kama wiki 4 kitaluni, alafu wiki 6 hadi 8 tangu kupandikiza mpaka yale majani ya chini yafae sufuria. Twakutana Jumamosi saa moja asubuhi, ikifika saa nne tushamaliza, baada ya hapo jua si la kuchezea. Hatuna darasa, ubao wetu ni tuta. Kwa mfano mboji, hatumwambii mtu aandike daftari, atapanga majani makavu, juu yake majani mabichi, juu yake samadi, amwagie maji, aanze tena mpaka lundo limfike kifuani, kisha achomeke fimbo katikati. Baada ya siku kadhaa aichomoe aishike. Ikiwa moto mkononi lundo lafanya kazi, ikiwa baridi na kavu lataka maji na kugeuzwa. Mtu akishaishika ile fimbo mara moja hasahau.

Na samadi tumeifundisha baada ya kufundishwa nayo, niseme ukweli. Msimu wetu wa kwanza tulipewa magunia ya samadi ya kuku, ya bure, tukafurahi mno, tukaimwaga mbichi vile vile kwenye matuta na miche juu yake. Siku chache tu kingo za majani zikawa kama zimepitishwa kwenye moto, tuta baada ya tuta, tukasimama tunaangaliana. Kumbe samadi ya kuku yataka kulazwa ioze kwanza. Siku hizi kila anayeingia mafunzoni asimuliwa aibu hio siku ya kwanza kabisa, na mwenyekiti wetu hapendi ikisimuliwa, ndo maana nimeisoma leo.

Kujitolea ni mlango mwingine na wengi wauona mdogo. Tusidanganyane, mshahara hakuna. Kuna chai ya saa nne na mahamri, mbaazi zikipatikana tumebahatika, na siku ya kuchuma kila aliyefanya kazi aondoka na fungu lake la mboga. Kazi zenyewe si za kupigia picha. Udongo wetu ni mchanga, wayanywa maji kama haujapewa, kwa hivo kitalu chataka maji asubuhi na jioni, na hakijui Idi wala Krismasi. Bamia nazo ukizianza kuzichuma lazima urudi kila baada ya siku moja, ukichelewa zakomaa zawa kama kijiti, na zawasha, uje na shati la mikono mirefu.

Hapo nitasema na wenye vyuo bila kutaja mtu. Kuna mahali walituletea vijana 6 wa atachimenti, yaani mazoezi ya kazi ya chuo, tukawapokea vizuri, wakaja siku ya kwanza wakapiga selfi na jembe, tukawaona tena siku ya kusainiwa logibuku, lile daftari la kazi walizofanya. Hatukusaini. Kukawa na simu nyingi. Msimamo wetu bado ni ule ule, barua yetu yaandika siku ulizofika na kazi uliyofanya kwa mkono wako, kama ulimwagilia kitalu wiki 3 itasema wiki 3, hio ndo barua mwajiri akiisoma aweza kuiamini. Na wageni wa hotelini pia huja, Waitaliano wa hapa Malindi na wengine, wataka kusaidia nusu siku, twawakaribisha, lakini ndoo ya kumwagilia ni ile ile.

Mgeni wetu, yupo dada mmoja wa Maweni hapa, amenikataza nisimtaje jina. Alikuja amemaliza fom foo, nyumbani amechoka kukaa, tukampa ndoo. Ile ndoo tuliitoboa wenyewe kwa msumari ili maji yatoke kama mvua ndogo yasing'oe miche. Wiki nyingi kazi yake ilikuwa hio tu. Siku moja akaita, njooni muone, amegeuza jani la sukuma, chini yake vidukari vimejaa kama ufuta uliomwagika, na sisi wenye vyeti tulikuwa twapita hapo kila siku twaangalia majani kwa juu. Jioni hio akaandaliwa muarubaini, nusu kilo ya mbegu kavu zilizotwangwa kwa lita 10 za maji, zikalala usiku kucha, kesho yake zikachujwa kwa leso kuukuu, sabuni kidogo ili ishike kwenye jani, akapuliza jua linazama. Mbona jua linazama? Kwa sababu jua kali laiua nguvu ile dawa, na jioni nyuki washarudi kwao. Leo somo la wadudu yeye ndiye anayelifundisha, na watu wazima wanamwita mwalimu.

Ndo maana twasema kwetu mafunzo na kujitolea haviachani, nusu ya wanaofundisha hapa waliingia kwa ndoo.

Masharti machache na niyapitie haraka. Walio chini ya miaka 18 waje na barua ya mzazi, na dawa hawashiki hata ya muarubaini. Wenzetu wa klabu za 4K, zile za wanafunzi wa kilimo mashuleni, waje na mwalimu wao. Kila mtu aulize chanjo yake ya pepopunda, hapa kuna samadi, misumari na majembe, twawaomba sana. Gambuti tunazo jozi 9 na watu ni zaidi ya hapo, kwa hivo mwenye zake aje nazo.

Shida yetu kubwa ni maji, na hapa nakuomba mgeni wetu unisikilize vizuri. Kisima tulicho nacho kina chumvi, kiangazi yazidi, waiona mpaka udongo wafanya ukungu mweupe juu. Tumejifunza kuishi nayo, spinachi yavumilia, maharagwe tumeyaacha kabisa, makumbi na majani makavu twatandaza juu ya tuta ili maji yasipotee. Lakini kitalu cha maji ya chumvi ni kuua mtoto angali mchanga. Bati la banda letu ni kama mita 30 za mraba, na kila milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hivo mvua ya milimita 20 tu ni lita 600 zapita hapo mbele yetu zaenda mtaroni. Twaomba tangi na mifereji ya bati. Si pampu kubwa, si gari, tangi.

La pili ni nauli. Vijana wa Ganda na Kakuyuni wataka kuja, tuktuk na boda zawashinda, wengi huacha mafunzo wiki ya tatu na si kwa uvivu. La tatu utukutanishe na watafiti wa KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, pale Mtwapa waje waangalie udongo wetu na watushauri mbegu zinazostahimili joto letu, tumechoka kukisia.

Nimemaliza mgeni wetu. Usajili wa msimu wa vuli uko wazi, daftari liko kwa katibu pale chini ya mwembe, na kapu lako pia liko hapo, bamia na mchicha vimechumwa alfajiri ya leo, mwambie mpishi wako avipike leo leo. Kabla hujaondoka kuna mche mmoja wa biringani wakusubiri kwenye tuta la mwisho, na ndoo yenye matundu iko kando yake. Viatu tutakushikia.